Upande wa Ndani

Usianze na uso wa nguo, aliniambia Kokilaben
siku ya kwanza niliposimama nyuma ya meza yake,
Mbale, duka la pili kutoka kwa fundi saa.
Uso hupambwa. Geuza.
Upande wa ndani haujafunzwa uongo.

Nikageuza sari. Nikaona vifundo
vidogo kama mbegu za mchicha,
pale uzi ulipokatika na mtu akaufunga,
akaendelea. Taraza imepinda nusu ya ukucha.
Nikasema, mama, hii ina kasoro.
Akacheka mpaka miwani ikamteleza:
Hiyo si kasoro, Namukose. Huyo ni mtu.
Mashine haichoki. Hapa alichoka, akanywa chai,
akarudi, mkono ukapiga mshindio kwa uzito mwingine.
Bei yake iko hapo.

Mimi ni wa Budaka. Kwetu tulilala na pamba,
magunia yamechukua ukuta mzima.
Baba aliipakia baiskeli hadi kwenye kinu,
karani akapima, akakohoa, akaandika pungufu,
na baba akarudi na shati la nailoni
lililomng'ang'ania mgongoni kama mdai.
Sikujua pamba ikipendwa huwa nini.

Basi nikafundishwa.
Kusanya ncha kiganjani, fumba, hesabu hadi kumi, achia:
ikijikunjua taratibu, kama mtu aliyeamshwa kabla ya jogoo, nunua;
ikichupa bila kunyanzi hata moja
imechanganywa, irudishe kwenye rafu.
Lowesha kitambaa cheupe, sugua taraza,
uone kama nyekundu inahama.
Mara ya kwanza maji baridi, chumvi konzi moja,
na ifuliwe peke yake, bila majirani.
Usikamue. Nguo si shingo ya kuku.
Ianike kivulini, upepo wa Wanale ufanye kazi yake.
Wanga ni maji ya wali; yakikosekana, uji mwembamba wa muhogo
uliochujwa mara mbili, la sivyo mende watakushukuru.
Na kila baada ya miezi mitatu ifungue, ikunje pengine,
maana mkunjo ukikaa mahali pamoja
hula uzi kimyakimya, kama ndoa fulani,
akasema, wala hakutaja ya nani.

Macho yake yakaingia ukungu.
Akawa anauza kwa vidole.
Hii uliitia wanga jana, haraka haraka.
Hii mtande wake ni wa kinu, wamenidanganya, punguza bei.
Wateja wakadhani anatania.

Ilibaki moja asiyoiuza,
ya zambarau, aliyoivaa siku alipofungua duka.
Niliifua mimi. Mara ngapi, nani alihesabu.
Jumamosi moja, mvua imefukuza watu barabarani,
akanitandazia mapajani:
Rangi yake ikoje siku hizi?

Nikaitazama.
Ilikuwa rangi ya ulimi wa mtoto
aliyekula zambarau asubuhi, na sasa ni jioni.
Nikasema, ileile. Kama tunda lingali mtini.

Akapitisha kidole kwenye taraza, polepole,
akafika pale nilipotililia mwaka ule wa panya,
akasimama. Uzi wangu ni wa cherehani, mnene,
sikuwa na mwingine.
Akaigeuza.
Akaligusa fundo langu kama mtu asomaye jina.

Pamba haiwi laini hivi, binti,
ikiwa bado na rangi yake yote.

Mvua ikaendelea na mabati yake.
Akaikunja, si pale ilipozoea,
akaniwekea mikononi.
Kesho ianike, akasema. Kivulini,
kama kawaida.