Komeo

Ukuta wa kwanza wa miti, wa pili wa mawe,
wa tatu chuma nilichokichimba siku kumi na moja
huku vidole vyangu vya kweli vikinuka hamira.
Mashimo ya miiba upande wa mto.
Milango minne, kila mmoja na namba yake ya siri,
na Shekue, aliyeko Pangani, ananong'ona sikioni mwangu:
"Wanakuja. Watano. Wana baruti."

Saa nane usiku, Ngamiani, barabara ya kumi na nne.
Feni inapangua joto, hailipunguzi.
Naachia mshale; mmoja anatumbukia shimoni.
Mlango wa kwanza unapasuka. Wa pili.
Naziba ufa kwa mawe, nakosea, naziba tena.
"Shikilia, Mwanamkuu! Shikilia!"
Nimeshikilia.

Halafu LUKU inalia ukutani
kama kifaranga aliyepotewa na mamaye,
na vyote vinazima.

Giza. Kidole bado kinabonyeza.
Huko wanavunja wa tatu, wa nne,
wanagawana mbegu zangu, ngozi zangu,
wanalala kitandani kwangu na viatu,
nami siwezi hata kuwatukana.

Mama anapita akipapasa ukuta,
kanga yake inanigusa bega.
"Wewe ulokesha,
mlango wa uani mbona u wazi?"

U wazi tangu magharibi.
Komeo linaning'inia, sikuligusa.
Na jikoni namsikia mbuzi wa Mzee Mhina
akila unga wa maandazi niliouumua kwa asubuhi,
taratibu,
bila baruti.