Uma wa Libuyu

Ubao hulia kabla haujakauka.
Tega sikio usiku, nyuma ya karakana yetu, Majengo,
utausikia: ti, ti-ti, kama sufuria iliyoepuliwa.
Bauma husema ni maji yanaaga.
Mimi husema ni nyuzi zinagombea shuka.

Njia tunazo tatu. Ugomvi tunao mmoja.

Ya baba yake Bauma ndiyo kongwe:
panga mbao juu ya mawe meusi, vijiti kati ya ubao na ubao,
ncha uzipake rangi iliyogandia koponi,
funika bati, usahau.
Inchi moja, mwaka mmoja. Mvua ikipenda, na nusu.
Ila mara moja, lava ilipokwisha kupoa mgongo
na tumbo bado linatokota,
alitandaza libuyu pale palipokuwa sebule ya jirani.
Wiki sita; ukizigonga, kengele.
Hakuna aliyejua kuni zile zilikuwa za nani.

Ya pili ni tanuru: matofali, pipa, bomba,
koo linalomeza vumbi la msumeno usiku kucha.
Nilililisha mimi, miaka minne; kope zangu ziliishia mle.
Siku tisa tu.
Wateja wanazipenda siku tisa kuliko watoto wao.

Ya tatu aliileta Kyakimwa,
nasi tukamcheka hadi alipomaliza kuijenga:
kibanda cha nailoni, mabati yaliyopakwa masizi,
feni ya gari lililofia njia ya Sake.
Jua la Goma ni la kukopa,
wingu likipanda kutoka ziwani, deni limeitishwa.
Lakini usiku kibanda hupoa, ubao nao hupumzika,
maji ya moyoni yakapata muda wa kutembea hadi ngozini.
"Tanuru halina usiku," alisema. "Ndiyo kasoro yake."
Bauma alitema mate, akaendelea kupima mbao za mlango.

Mlango ulikuwa wa mwalimu Sivirwa, wa Ndosho:
miaka mitano pazia la turubai, sasa kitasa cha kweli.
Alitaka haraka. Tukampa siku tisa.
Mwezi wa pili akaurudisha juu ya chukudu,
umepinda kama mtu anayechungulia.
Hakugomba. Alisema tu,
"Juu unafunga. Chini paka anapita."

Kyakimwa alikata kipande, upana wa vidole viwili,
akakichonga uma wenye meno mawili marefu,
akausimamisha mezani, tukautazama.
Meno yakainama ndani. Taratibu. Yakagusana.
Nje palikauka mbio pakajifunga;
maji yakabaki ndani, hayana pa kutokea.

Bauma alikuwa akicheka na mteja.
Hucheka hivyo tangu Machi,
siku tatu baada ya kumzika mkewe Mwamini,
aliporudi kazini na shati lililopigwa pasi
nasi tukasema: huyo ameshapoa.
Aliuchukua ule uma, akautia mfukoni.

Jioni ile tanuru halikuwashwa.
Nilimkuta katika kibanda cha nailoni,
ameketi katikati ya mbao,
feni inampulizia, shati limelowa kifuani.
Joto, alisema.
Nikakubali kwamba ni joto.

Siku hizi napima kipande cha mfano kila alfajiri,
ndugu wa mlango mpya wa mwalimu.
Naandika kwa penseli: gramu mia nane na kumi na mbili;
jana, kumi na tano.
Bauma huja na kikombe cha chai, husimama nyuma yangu.
"Bado?"
"Bado."
Hunywa chai yake. Hanikimbizi.