Sitini na Nane

Wamenipa sitini na nane.
Kwa kalamu ya bluu, na chini yake mstari mmoja:
"Sauti ni safi. Ujasiri bado unahitajika."
Fomu nimeikunja mara nne, nikaitia
kwenye kasha la selo, kando ya kipande cha ulimbo.

Miaka miwili huko juu Makerere, chumba namba tisa,
dirisha lisilofungika, na jenereta ya jirani
inayonguruma kwa noti moja tangu magharibi:
si bemoli, imeshuka kidogo, kama mtu anayesinzia.
Nilijifunza kuikwepa.
Uzi wa la ulikatika Machi. Mwingine ukatoka ng'ambo
kwa bei ya kodi ya miezi miwili,
na mwenye nyumba wangu wa Kikoni, Nnalongo Namusisi,
akaniuliza bila hasira:
"Uzi huu, kwani unashona nini?"

Kisha Novemba, msimu wa nsenene.
Taa za mitego ziliufanya usiku mweupe,
mabati yamesimamishwa juu ya mapipa,
na Namusisi barazani akichambua,
mbawa huku, miguu kule,
nami nyuma ya ukuta nikichambua kipimo cha kumi na tatu,
upinde juu, upinde chini,
hadi ncha za vidole zikawa kwato.
Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Kaka alipiga simu kutoka Kasese:
"Shahada ya pili ya kukwaruza?"
Nikacheka. Jibu nililokuwa nalo
lilikuwa refu kuliko salio lake.

"Mtahiniwa Ithungu."
Wanne mezani. Mtahini wa nje amevaa koti la sufu,
anapangusa shingo kwa ratiba yangu.
Sarabandi, peke yangu, bila kinanda.
Kipimo cha nne, mvua ikaliangukia paa,
mvua ya Kampala, isiyobisha hodi,
na ukumbi mzima ukawa bati.

Nikaona midomo ya watu ikisema jambo.
Nikaona mtahini akiinua mkono.
Niliuona mkono. Sikusimama.

Masikio hayakuwa na kazi tena.
Lakini mgongo wa selo ulikuwa kifuani pangu,
na babu yangu, enzi za mgodi wa Kilembe,
aligonga dari la pango kwa nyundo
huku kiganja kingine kimelala juu ya jiwe:
jiwe zima hutetemeka, alisema,
jiwe lililopasuka hukujibu kwa ubaridi.
Hivyo ndivyo nilivyocheza, kwa mfupa.
Pale profesa aliponikataza kuchelewa, nilichelewa.
Uzi wa do nikauacha wazi, ukakaa mbavuni
kama mgeni aliyekwisha vua viatu.
Nilikosea mara mbili.
Kosa la pili nilirudi kulitazama,
lilikuwa zuri.

Mvua ikakatika kama bomba lililofungwa.
Nilikuwa kwenye noti ya mwisho;
walichopata ni mkia wake tu,
ukirukaruka sakafuni kama wa mjusi.

"Samahani," akasema wa nje, kwa upole wa kweli,
"hatukusikia kitu. Tafadhali, rudia."

Nikarudia.
Nilicheza vizuri. Kila noti mahali pake,
kama viti vya arusi kabla wageni hawajafika.
Wakaandika. Wakanong'ona. Wakaniuliza
kwa nini nilichagua mwendo ule,
nikawajibu kwa kurasa za tasnifu yangu,
sura ya tatu, nukuu na tanbihi.
Hiyo ndiyo waliyoisikia.
Hiyo ndiyo sitini na nane.

Sidai. Huwezi kukata rufaa
dhidi ya mabati.

Jioni Namusisi alinisogezea sahani,
nsenene za moto, kitunguu, chumvi kwa kukadiria.
"Umefaulu?"
"Nimefaulu."
Akanitazama, mdomo umejaa, akatafuna, akameza.
"Sasa mbona umeshika kifua?"