Ajenda ya Nne

Masika ya Tukuyu hayabishi hodi.
Yanashuka mlima Rungwe, yanavuka migomba,
yanaingia kanisani kabla ya mchungaji
na kukaa benchi la tatu, upande wa akina mama.

Mimi ndiye katibu. Nimeandika mara tatu,
kwa mwandiko mzuri: Paa linavuja. Litashughulikiwa.
Mara tatu tumekunywa chai, tukafunga kwa sala.

Gwantwa hayumo kwenye kamati.
Kila Jumapili huja na sufuria ya kwake,
huitega chini ya tundu,
kisha huimba sauti ya pili, na sufuria humwitikia
ndo, ndo, ndo,
bila kufuata mdundo wa mtu.

Jumapili ile alishikwa na homa. Sufuria haikuja.
Maji yakaloanisha kitabu cha nyimbo cha bibi mmoja;
akakipangusa kwa kitenge, kimya,
akanitazama.
Labda hakunitazama.

Alhamisi nikaazima ngazi kwa Mwaijande,
nikanunua lami na misumari minne
kwa hela ya vocha.
Magoti yalicheza. Mimi si fundi, ni mtu wa kalamu.
Kule juu nikaliona tundu lenyewe:
kidole cha mtoto kingeliziba.
Mwaka mzima, kidole cha mtoto.

Kikao kilichofuata, mwenyekiti akauliza ajenda ya nne.
Mzee mmoja akajibu, "Limeacha lenyewe. Bwana ni mwema."
Tukasema amina.
Nikaandika: Imefungwa,
nikificha kucha zenye lami chini ya daftari.