Sababu ya Kufunga Akaunti

Fomu yenu imeniachia mstari mmoja,
urefu wa kidole.
Binti wa dirisha la tatu ameninong'oneza:
"Andika tu 'binafsi', mama, yaishe."
Binafsi ni neno la watu wenye haraka.
Mimi foleni yenu nimeipanga miaka sita,
kiti cha plastiki nakijua kwa ufa wake,
unavyofinya paja mtu akiinuka.
Basi naigeuza karatasi. Nyuma ni peupe.

Naitwa Skolastika Ntahondi,
muuza mawese, soko la Mwanga,
safu ya pili ukitokea kwa wenye dagaa.
Ntahondi. Si Ntahodi.
Hiyo N mliiangusha nyinyi, siku ya kwanza,
na kuiokota nikalipa mimi:
kiapo cha mahakama, picha mbili,
na elfu tano ya "marekebisho ya taarifa".
Mtu akumwagie mchuzi,
kisha akuuzie kitambaa!

Tuje kwenye makato.
Kila mwezi elfu mbili na mia tatu, "uendeshaji".
Sijaona mlichoendesha.
Ujumbe wa kunijulisha kwamba mmekata,
nao mkaukata.
Nikauliza salio limebaki ngapi,
mkakata ulizo.
Wahenga walisema chururu si ndondondo;
hawakuwahi kuwa na akaunti kwenu.

Mwezi wa saba mashine ikaimeza kadi yangu.
Mkasema ufunguo uko makao makuu.
Siku kumi na moja,
na madumu thelathini yameshashuka kutoka Simbo,
mwenye mali amekaa juu ya mzigo wake
ananitazama kama mwizi.
Nikapiga namba ya huduma kwa wateja.
Muziki. Muziki mzuri, sikatai.
Vocha ya elfu mbili ikaishia kwenye kiitikio.

Sokoni kwetu, mtu akinunua lita
namjazia mpaka mdomo wa chupa,
kisha naongeza kijiko.
Kijiko hicho hakimo kwenye bei,
wala hakuna aliyenifundisha; nilimkuta mama akifanya.
Mtoto akitumwa dukani na shilingi pungufu
anakipata vilevile.
Nanyi kijiko mnacho, nimekiona.
Chenu kinachota.

Bwana meneja, sikuchukii.
Ila siku ile ulitoka ofisini mwenyewe
kumpokea yule mwenye maboti,
ukamshika mkono, ukampa maji ya chupa, baridi,
chupa ikitoa jasho.
Nilikuwa nyuma yake.
Nilikuwa na kiu.

Leo salio langu ni elfu thelathini na moja, mia sita na hamsini.
Ada ya kufunga, elfu kumi na tano.
Kumbe hata mlango wa kutokea una tiketi.
Kateni. Hii nailipa kwa moyo mweupe,
ndiyo pekee ambayo nimeona inachonunua.

Naenda ng'ambo ya barabara.
Msidhani nimelewa mapenzi mapya:
kalamu yao nayo imefungwa kamba,
na mlinzi wao nae hupekua kikapu
kana kwamba mawese hulipuka.
Lakini nilipouliza makato
kijana mmoja, Bukuru, alitoa karatasi
akanisomea mstari kwa mstari,
hata yale maandishi ya chini, madogo kama chawa.
Nikamwambia rudia. Akarudia.
Nikamwambia rudia tena, makusudi,
nimpime.
Akavuta pumzi, akaanza juu.

Nimewapa miezi sita.
Nikisikia ndo, ndo, ndo,
kuhama nakujua: kutoka Ujiji nilihama
na jiko kichwani, bado lina moto.

Samahani kwa doa hilo pembeni.
Nilinawa, nikasugua kwa majivu,
mawese hayamwachi mtu upesi.
Sahihi yangu iko hapo chini,
N zote mbili.
Zihesabuni.