Siku ya Kumi na Saba, Luchelele

Lori limezimwa, ila mwili bado unakwenda.
Nimelala chali na mgongo unaendelea kuhesabu
makorongo ya Kirawira, matuta ya Ndabaka,
lile shimo la kabla ya Lamadi lililomwaga mafuta ya taa
juu ya gunia la vitunguu.
Masikioni nina vumbi la mikoa mitatu.

Wageni ni ishirini na wawili.
Siku ya pili walisimama wote kwa ajili ya swala mmoja,
wakapandana migongoni, wakinong'ona
kama watu walioingia msibani.
Siku ya kumi na nne Lushinge alizima injini,
akasema, "Simba, kushoto, na watoto watatu,"
na nusu yao hawakuinua vichwa.
Mmoja aliuliza kama mbele kuna choo.
Siwalaumu. Jicho nalo lina tumbo,
na tumbo likijaa hata asali huchukiza.

Mimi simba huyo nilisimuliwa.
Mpishi hubaki kambini na sufuria zake.
Siku saba Serengeti, na nilichokiona kwa uhakika
ni mchwa, kunguru,
na nyani mmoja aliyeondoka na mkate mzima.
Wengine nawajua kwa sahani.
Wakiona chui, hula wamesimama, mchuzi unapoa,
kila mtu anasema na hakuna anayesikiliza.
Wakiona windo likiraruliwa, nyama hurudi jikoni ilivyotoka,
na siku hiyo nakula mnofu.
Wakikosa vyote, huomba wali mara ya pili
na hawasemi asante.
Nipe ukoko wa jioni niukwangue,
nitakwambia mbuga iliamkaje.

Sasa Mwanza. Kutoka hapa hadi kwetu Kayenze
ni saa moja na nusu kwa pikipiki.
Mama amepiga simu mara mbili.
Nimemwambia kesho.
Kesho tunaondoka, naye anajua, nami najua kwamba anajua.
Lakini miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa,
na sina uso wa kumpelekea mtu.

Kabla ya jua nikashuka na masizi yangu hadi mwambani.
Ziwa limelala kama uji uliopoa.
Nikamwaga sabuni, nikashika steli,
na hatua sita mbele yangu kikatoka kichwa,
bapa, kimelowa, chenye sharubu za mzee wa baraza.
Akapanda jiwe. Mkononi ana ngege,
amemshika kwa vidole, kama mtoto na gunzi la hindi,
akaanza kichwani. Mifupa ikalia kru, kru.

Fisi-maji.
Baba alimtukana miaka ishirini
bila kumwona uso hata siku moja.
Kwetu alikuwa tundu:
kila alfajiri wavu ulirudi na tundu,
baba akapitisha ngumi, akatuonyesha,
nami nikashona, uzi nikiukata kwa meno
kabla sijaenda shule.
Nilidhani ni mkubwa kama ndama.
Kumbe anaingia kwenye sufuria ya maharage.

Sikuita mtu.
Mahema ishirini na mawili, kamera zenye shingo za twiga,
na mimi nimechuchumaa, povu linanikauka viganjani,
sipumui vizuri.
Alinitazama mara moja, bila haya, akaendelea kula.
Kisha maji yakafunga juu yake.

Zipu ikalia. Annelies, yule bibi wa ndege na daftari,
akatoka na soksi moja. "Umeona kitu?"
"Sufuria," nikasema.
Akatikisa kichwa, akarudi kulala.

Nikampigia mama.
"Nimemwona."
"Nani?"
"Yule wa nyavu za baba."
Kimya. Nilisikia kuku wake, na ndoo ikiwekwa chini.
"Alikuwa ameshiba?" akauliza.

Magamba matatu yalibaki juu ya jiwe.
Lushinge alikuwa tayari anapasha injini.