Kijia cha Uani

Nyumba yetu ya Kadutu imening'inia mlimani,
na kijia cha majirani kinakatiza uani kwetu
kati ya pipa la maji na kamba ya nguo.
Baba hakukifunga. Nami sikukifunga.
Wanaopita husema, "Tunapita tu,"
nasi hujibu, "Piteni."

Ndani, juu ya kabati, nyuma ya gunia la mchele,
kuna kikompyuta kidogo kama kipande cha sabuni,
taa yake ya kijani inapepesa usiku kucha.
Hicho nacho ni kijia.
Maneno ya watu nisiowajua huingia yamefungwa,
hutoka yamefungwa.
Mimi si mlango wao wa mwisho. Mimi ni kona tu.

Jumatatu benki ilinikataa:
anwani yako inashukiwa.
Jumanne, duka la vipuri vya cherehani.
Alhamisi wakaniletea picha:
chagua pikipiki, chagua taa za barabarani,
chagua tena, chagua tena,
thibitisha kwamba wewe ni mtu.
Mimi mtoto wa Mugisho, fundi wa mabati,
sijui nithibitishe na nini.

Kuna orodha mahali, na namba ya nyumba yangu imo.
Hawaulizi nani alipita, nani alikaa.
Mwenye njia na mwizi wa njiani,
kwao ni jina moja.

Jana Nsimire alitaka matokeo ya Ciza,
mtihani wa Serikali.
Ukurasa ukafunguka mweupe kama ganda la yai,
maneno mawili katikati: Huruhusiwi kuingia.
Akanigeukia, mwiko wa bukari mkononi.
"Watu wako wanapita," alisema,
"mtoto wetu hapiti."

Niliinuka, nikasogeza gunia, nikashika waya.
Kabla sijavuta, umeme ukakatika,
Kadutu nzima giza, mpaka chini ziwani.
Taa ya kijani ikazimika bila mimi.

Tukasikia miguu ikiteleza topeni,
mtu anahema, kabeba kitu kizito.
"Tunapita tu."

Nilinyamaza.
Nsimire ndiye aliyetoka, akamulika kwa simu:
"Piteni. Jiwe la tatu linacheza."

Kisha akarudi, akaniambia gizani:
"Kesho utashuka mjini, ulipie mtandao wa watu,
utuletee alama za mtoto kwenye karatasi.
Na utakwenda kwa miguu."